Kura ya Siafu

Nyanchwa, Kisii
Jumapili alasiri

Mama,

Bwakire, nakusalimia kwa lugha ya kwenu. Natumai barua hii imekukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama goti litakulaumu, kisha wewe utanilaumu mimi. Linaendeleaje? Bado unalipaka yale mafuta ya mbuzi? Na Baba, kinu chake bado kinakohoa kila asubuhi kabla ya kukubali kusaga? Yule mbuzi mweusi amezaa kweli ama anaendelea kutudanganya na tumbo lake? Mimi huku mwili ni mzima. Nakula, nalala, nasoma. Panaponiuma ni mahali ambapo Mama Mkubwa hawezi kupaka dawa.

Utashangaa kuona karatasi siku hizi. Ni dada yako, Mama. Tangu habari za Siafu zianze hapa mjini, Mama Mkubwa haamini simu tena. Akimaliza kuongea anaizima, anaifunga kwa kitambaa cha vyombo, anaiweka ndani ya sufuria na kufunika. Anasema hata Siafu hawawezi kupita chuma. Kwa hivyo ukipiga usipate mtu, usidhani tumekufa. Ujue tu umepigia sufuria. Na hata ingekuwa imewashwa, haya yangu hayasemeki jikoni. Barua nitampa Mama Beryl, yule anayeuza dagaa wa omena. Kesho anarudi ziwani na ndoo tupu. Kama karatasi inanuka, ni yeye, si mimi.

Sijui kama huko mliwasikia hao Siafu. Huku walikuwa kila mahali. Ni kikundi cha watu waliojua kuingia ndani ya kompyuta za wenyewe, na hakuna aliyejua ni nani. Mara ya kwanza ilikuwa siku ya soko. Kuna ile skrini kubwa ya matangazo mjini, inayoonyesha magodoro na sabuni kutwa nzima. Watu wakainua macho wakaona godoro limetoweka. Pamekuja picha ya bomba kavu, chini yake maneno mawili, “Tuoge lini?” na kipicha cha siafu pembeni. Mama, soko lilicheka mpaka ndizi zikaanguka. Halafu wakaingia kwenye tovuti ya ofisi fulani ya maji, pale palipokuwa na picha ya mkubwa anatabasamu wakaweka picha ya ndoo. Ndoo ikakaa pale siku nzima, imekuwa mkubwa wa ofisi. Kisha wakaenda kwa ukurasa wa shule moja ya bweni, wakaweka sahani ya githeri yenye mdudu mmoja, wakauliza, “Huyu naye amelipa karo?”

Hawakuiba kitu. Ndiyo maana watu waliwapenda. Vijana wa bodaboda walibandika picha ya siafu kwenye matangi ya pikipiki. Mama anayeuza chapati karibu na stendi akaziita chapati siafu, ati zinauma utamu. Watu wa Kiogoro wakasema hao ni vijana wa Kiogoro, wale wa upande wa Nyamira wakasema hapana, akili kama hiyo hutoka Nyamira tu. Hata kanisani tuliwaombea. Yaani si kuwaombea waache, tuliwaombea wasishikwe.

Na mimi niliwaonea wivu, Mama. Hata kabla sijajua ni nani. Nilijiambia, hawa hawaonekani lakini mji mzima unawasikia. Mimi naonekana kila siku na hakuna anayenisikia.

Sijawahi kukuambia kwa nini niliacha kuongea darasani. Ni muhula wa kwanza nilipofika. Mwalimu wa Kiswahili alinisimamisha nisome, nami kwa woga ulimi wa Baba, ule wa ziwani, ukanitoka wote. Palipoandikwa “alishinda shuleni” mimi nikasoma “alisinda suleni”. Walicheka mpaka mwalimu akageuka ubaoni ili asionekane akicheka. Tangu siku hiyo jina langu ni Sule. Nyanya zao wenyewe husema sule vilevile, lakini nyanya hasimamishwi kusoma mbele ya darasa. Basi nikafunga mdomo. Kerubo, mtoto wa dada yako, tunayelala naye kitanda kimoja, ndiye pekee niliyekuwa naongea naye. Nilidhani tunaambiana kila kitu.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya juma lililopita jua likazama, Sabato ikaisha, Mama Mkubwa akatoa simu kwenye sufuria. Ikaanza kulia kama kifaranga. Kila mtu alikuwa amemtumia ujumbe mmoja wa sauti. Ilikuwa sauti ya roboti, ile ya kupitishwa kwa mashine isijulikane ni ya mwanamume au mwanamke. Ikasema:

“Watu wetu, sisi Siafu tumevunja kikundi. Hakuna mtu ametufukuza. Tunaacha kwa sababu ya kura. Kura imekuwa shida. Kwaherini.”

Basi. Hivyo tu. Mama Mkubwa akakaa chini. “Kura?” akasema. “Kura gani sasa?”

Mji ulilala na swali hilo na kuamka nalo. Si unajua hali ilivyo na uchaguzi huu, kila mlingoti una uso wa mtu anayetaka kitu. Jumapili nilitumwa majani ya chai nikapita stendi ya pikipiki hapa chini ya mlima. Vijana walikuwa wameacha abiria wamesimama.

“Nilikwambia wamenunuliwa,” mmoja alisema. “Siafu gani anaacha kazi bila sukari?”

“Wewe nyamaza. Labda wametishwa.”

“Wamesema hakuna mtu amewafukuza! Hujasikia? Wanataka kusimama hao. Kesho utaona picha zao na suti.”

Nyakundi, yule mwenye pikipiki nyekundu anayewabeba wazee wa kanisa, alikuwa anakwangua siafu wake kwenye tangi kwa ufunguo. Alikuwa anakwangua polepole kama mtu anayejifuta jina la mpenzi.

“Nililia mimi,” akasema. “Siku ya ndoo nilicheka mpaka nikalia. Na kumbe ni kura.”

Jioni tulikula obokima na mboga ya chinsaga. Mama Mkubwa alikuwa hajatulia tangu asubuhi. Alikata ugali kama anaugombeza.

“Hawa watoto mimi nimewaombea,” akasema. “Kwa magoti. Nilifikiri angalau hawa ni watu wa maana. Kumbe nao wamekura!”

Alitaka kusema wamekula, kama tunavyosema mkubwa fulani amekula hongo. Unaijua familia yenu, Mama. L ikibisha mlango, R ndiye anayefungua. Mimi nimezoea, sikuligusa. Ni Kerubo niliyemwona. Tonge lilikuwa limemsimama mkononi.

“Labda hawajapewa pesa, Mama,” akasema. “Labda ilikuwa njaa tu. Labda walikosa chakura.”

Mama Mkubwa hakusikia kitu, maana huo ni ulimi wake mwenyewe. Lakini mimi nilisikia. Kerubo husema chakula vizuri kabisa. Ameifunga L yake kwa kamba tangu darasa la nne, na humtoroka siku moja tu, siku akiwa na hofu. Nikaisikia tena ile sauti ya roboti kichwani. Kwa sababu ya kura. Kura imekuwa shida.

Si kura, Mama. Kula! Mji mzima ulikuwa umepigana siku nzima kwa sababu ya mtu aliyesema kula. Kama ingekuwa sauti ya kawaida, mtoto yeyote wa hapa angejua. Lakini ilikuwa roboti, na nani angedhani roboti ana mama wa kwenu Kebirigo?

Tulitoka nje kusugua sufuria. Nikamwambia, “Ni wewe.”

“Nini ni mimi?”

“Siafu.”

Akaendelea kusugua mahali palipokuwa pameshatakata. Halafu akaniambia yote. Walikuwa wanne, yeye na Ombati na wengine wawili wa darasa letu. Ombati unamkumbuka, yule mwembamba niliyekuambia anatembea kama ameazimwa miguu. Kaka yake ana duka la kompyuta mjini, huko ndiko walikokuwa wanakaa baada ya shule. Intaneti waliilipia kwa pesa zao za chakula cha mchana. Kila siku Siafu walipochekesha mji, walikuwa na njaa. Hatimaye Ombati akaanguka kwenye gwaride la shule. Zahanati wakasema tumbo lake limeanza vidonda. Basi wakakaa chini wakakubaliana, tumeacha, tukale. Yeye akapewa kazi ya kuaga kwa sababu hakuna aliyetaka.

“Nilirekodi ndani ya kabati letu,” akasema. “Chini ya sketi zako. Wewe ulikuwa unafagia uani.”

Mama, kati ya yote, ni hiyo iliyoniuma. Chini ya sketi zangu.

“Mbona hukuniambia?”

“Nilitaka. Siku moja nilikutaja. Nikasema tukuongeze. Ombati akasema, huyo wa sule ataongea nini?”

“Na wewe ukasema nini?”

Alimwaga maji. Akasubiri yaishe yote.

“Nilicheka,” akasema.

Sikujibu. Yeye akadhani nimesamehe, maana kimya changu watu hukitafsiri wanavyotaka. Akanishika mkono na ule wake wenye masizi. “Akoth, turekodie nyingine. Sema tu ni kula. Mimi nikijaribu tena itatoka vilevile, nimeshajaribu mara ngapi sijui. Wewe L yako ni ya redio.”

Unaona mambo? Siku ya kwanza mtu kusifu ulimi wangu katika mji huu, ni siku anapouhitaji.

Nikamwambia, “Mimi ni wa sule. Nitaongea nini?” Nikaingia ndani.

Sasa nitakuambia kitu ambacho hutakipenda, na ndicho kilichonifanya nitafute karatasi. Siku zilizofuata nilifurahi. Kila nilipopita nikaona siafu amekwanguliwa, nilifurahi. Mama wa chapati akabadilisha jina, sasa ni chapati tu, nikanunua moja. Darasani walisema Siafu ni wasaliti, nikaangalia mgongo wa Kerubo kwenye dawati la mbele ukizama, nikasema moyoni, na wewe ujue kunyamaza kunavyokaa. Nyumbani aliacha kula. Mama Mkubwa alimpikia nyama, akaisukuma pembeni. Niliila mimi. Nilikula sehemu yake yote, na ilikuwa tamu. Wewe ulituambia wivu hukausha mate. Wangu haukukausha, wangu ulinipa hamu ya kula.

Nilikuwa namwonea wivu wa nini? Nimejiuliza. Si wa kompyuta. Mimi hata kompyuta siipendi, inaniangalia. Ni ule uanne wao. Kwamba kulikuwa na chumba mjini ambapo watu wanne walikuwa na njaa pamoja na kucheka pamoja, na mmoja wao alikuwa analala ubavuni mwangu kila siku na hakuleta hata chembe. Nikamwonea wivu hadi wa ile njaa.

Ikafika Ijumaa. Mama Mkubwa alitutuma sote wawili tununue mafuta ya taa na sabuni mapema, kabla Sabato haijaingia. Pale stendi tukakuta watu wamejaa. Gari la mgombea mmoja lilikuwa limeegeshwa na spika mbili juu. Jina lake nisikuchoshe nalo. Yeye mwenyewe hakuwepo, alikuwepo mtu wake mwenye kofia, ameshika kipaza sauti. Akawasha ile sauti ya roboti kwa nguvu ya spika zote mbili. “Tunaacha kwa sababu ya kura!” Mlima ukairudisha.

“Mmesikia wenyewe!” akasema. “Siafu wameacha mchezo kwa sababu ya kura! Na kura hiyo ni ya nani? Siafu wako kwetu! Tuko nao! Jana tumekula nao meza moja!”

Watu wakaguna. Mzee mmoja akatema mate. Nyakundi alikuwa ameegemea pikipiki yake isiyo na siafu tena, akasema kwa sauti, “Basi wakikuja hapa sisi tutawakanyaga.” Wengine wakaitikia. Si kwa mzaha, Mama. Nimekaa huku muda wa kutosha kujua sauti ya mzaha.

Nikamwangalia Kerubo. Aliweka debe la mafuta chini na kuvuta pumzi, na nikajua anataka kupiga kelele kwamba ni uongo, hawajakula na mtu yeyote. Lakini kwa hofu aliyokuwa nayo ingetoka vipi? Ingetoka “hatujakura na mtu”. Hatu, yaani sisi. Kwa R ileile. Mbele ya watu ambao wametoka kuisikia kwenye spika sasa hivi.

Sijui ni nani aliyesukuma mdomo wangu. Bado nilikuwa na hasira naye. Bado ninayo hata sasa. Lakini nilisikia mtu anapiga kelele, “Amesema kula!” na yule mtu alikuwa mimi.

Wakageuka wote. Unajua ndoto ile ya kwenda shule bila viatu? Ni hiyo.

“Kula nini, msichana?” akauliza mwenye kofia, kwenye kipaza sauti.

“Kula chakula. Roboti alitaka kusema kula. Walikuwa hawana chakula.” Na kwa woga, Mama, ulimi wa Baba huo ukafika. “Walisinda njaa!”

“Walishinda?” Mwenye kofia akaruka. “Mnasikia? Hata huyu mtoto anasema walishinda! Walishinda kura!”

“Walisinda NA njaa!” nikasema. “Kutwa nzima! Tumbo tupu!”

Mtu akacheka. Halafu mwingine akasema, “Huyu si wa hapa, sikia S yake, ni wa ziwani.” Nikataka ardhi inimeze na sabuni yangu. Lakini Nyakundi alikuwa ameinua mkono kama mtu aliyesikia mlango ukibishwa.

“Ngoja kwanza,” akasema. “Kaka, rudisha hiyo sauti.”

“Ya nini?”

“Rudisha tu. Umeleta spika ya nini kama hatuwezi kusikia?”

Ikarudishwa. Kwa sababu ya kura. Kura imekuwa shida. Nyakundi akaisema polepole, kinywa chake mwenyewe. “Kura. Kura imekuwa shida.” Kisha akajipiga paji la uso. “Wenzangu! Mimi nikiwa mdogo niliitwa nyumbani hivyo hivyo! ‘Nyakundi, kuja kura!’ Huyu ni mtoto wa mtu! Huyu ana njaa!”

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia. Kilianza upande wa pikipiki kikapanda kwa mama wa chapati. Yule mzee aliyetema mate alikuwa ameshika magoti. “Roboti wa kwetu!” alikuwa anasema. “Roboti wa kwetu kabisa!” Mtu mmoja akamwuliza mwenye kofia, “Na nyinyi mlisema mmekura nao meza moja. Mlikura nini?” Basi ikawa ni hiyo. Mlikura nini, mlikura nini, mpaka akawasha gari.

Lakini Nyakundi hakusahau. Akanijia karibu. “Dada mdogo, umejuaje?”

Kerubo alikuwa amenishika sketi kwa nyuma. Nilihisi vidole.

“Mama yangu anasema hivyo,” nikamwambia. “Aliolewa ziwani, lakini ni wa Kebirigo.”

“Aaa,” akasema. “Basi wewe ni mtoto wetu nusu.” Na maswali yakaisha. Umetuokoa ukiwa umekaa huko na goti lako, na hukujua.

Ungeuona mji sasa. Watu ambao walitaka kuwakanyaga wanawahurumia mpaka inachosha. Jumapili hii asubuhi chini ya ile skrini ya magodoro kulikuwa na mkungu wa ndizi, mahindi ya kuchemsha, na chungu cha uji umefunikwa kwa jani, na karatasi, “Siafu, kureni.” Vijana wa bodaboda hawasalimiani tena habari yako, wanasema “Umekura?” na mwingine anajibu “Nimekura vizuri.” Matangi yana siafu wapya, mara hii wana vijiko. Mama wa chapati amerudisha jina. Dada yako ndiye anashangaza zaidi. Amepika sufuria nzima ya maharagwe ya kupeleka mjini, huku analalamika, “Watoto wa nani hawa, wanakaa na njaa, mama zao wako wapi?” Kerubo alikuwa ameketi hapo anachagua mawe kwenye maharagwe hayohayo. Aliinamisha kichwa sana. Na simu, kwa kuwa sasa sufuria ina kazi, imehamia kwenye birika.

Kwa hivyo mambo ni mazuri. Kerubo anakula. Juzi usiku aliniambia asante, akanipa nusu ya godoro ya upande wa ukutani, ile tunayogombania tangu nilipofika. Na bado namwonea wivu, Mama. Afadhali niseme. R yake imekuwa salamu ya mji. Watu wazima wanaisema kwa raha, na wenye duka la fulana wanataka kuichapisha. S yangu bado ni ya kuchekwa. Nyakundi sasa ananiita Sinda. Akiniona anapiga honi, “Sinda, umekura?” Sijui kama ni upendo au ni mzaha ule ule wa Sule. Nimeamua kumpungia mkono, nione itaendaje.

Na kingine. Nilimwuliza Kerubo, kwa kunong’ona, kama sasa ningeweza kuongezwa. Akasema, “Akoth, si tumevunja?” Hakusema kwa ubaya. Ni kweli wamevunja. Nimefika mlangoni wakati wenye karamu wanatafuta viatu. Jana baada ya kanisa niliwaona wote wanne chini ya mnyonyo, wanacheka kitu. Ombati aliniona akainua mkono, akasema “Sasa, Akoth.” Si Sule. Nikasema “Sasa.” Nikapita. Ningeweza kusimama, najua. Mguu ulikataa.

Nimewaza sana jinsi ulivyokaa huko ziwani miaka yote hii. Wanawake wa kisimani wakikuita Mama Chakura, na wewe unacheka nao, unajaza mtungi wako, unarudi. Sikuwahi kuuliza kama kicheko chako kilikuwa cha kweli au ulikuwa unakishona njiani. Uliwezaje? Ukijibu, mpe Mama Beryl, na usitaje jina la Kerubo, maana dada yako husoma barua za watu kisha anakuombea kwa sauti.

Nisalimie Baba, mwambie S zake ziko salama, nazitunza. Msalimie Dani, nyanya yangu anayelala na redio imewaka, mwambie huku pia wazee wanaombea hali ya hewa. Mdogo wangu aliyechukua kitanda changu, asikojoe upande wa dirisha. Mwalimu jirani aliyenifundisha kusoma, mwambie nasoma, ila kwa siri. Na yule mbuzi mweusi, kama amezaa, mmoja ni wangu.

Nikifika likizo, siku ya kwanza jioni usinitafute. Nitakuwa nyuma ya nyumba najifanya sikusikia, ili uite mara ya pili, kwa sauti ya kufika mpaka kwa majirani, “Akoth! Watoto! Kujeni kura!” Umetuita hivyo tangu tuzaliwe, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza nani anagombea. Tulikuja tu, mikono imenawa.

Ni mimi mtoto wako wa nusu huku na nusu huko,

Akoth